Juki DDL-8700 kwa karakana ndogo ya sare za shule

Anayeshona sare kwa cherehani ya mguu hupoteza muda mwingi kwenye mishono mirefu iliyonyooka: mabega, ubavu, marinda ya sketi, pindo la suruali. Hapo ndipo DDL-8700, cherehani ya umeme ya viwandani ya kampuni ya Juki, inapolipa. Mshono wa mm 2.5 ni michomo 400 kwa kila mita. Cherehani ya mguu ikienda michomo 800 kwa dakika, mita moja inachukua nusu dakika. Hii ukiiweka 3,000 tu, ni sekunde 8. Kikomo chake ni 5,500, lakini karakana ya mafundi wawili watatu haihitaji kasi hiyo, na fundi aliyetoka kwenye pedeli ya mguu akianzia huko ataharibu kola nyingi kabla mkono haujazoea.

Kabla ya kuulizia bei, ujue kwamba inashona mshono ulionyooka basi. Haipigi zigizagi, haitoi matundu ya vifungo, haifungi kingo. Mwenye kuinunua peke yake atakwama kwenye sare ya kwanza, maana kitambaa kisichopigwa ovaloki hufumuka kikifuliwa mara chache. Bajeti iwe ya mashine mbili, hii na ovaloki, yaani mashine ya kufunga kingo. Matundu ya vifungo peleka kwa mwenye mashine yake, ulipie kwa tundu. Na kama oda zako ni za fulana na sweta, usiinunue kabisa: mshono wake hauvutiki, kitambaa kikinyooka uzi unakatika.

Kwa kawaida inauzwa kichwa (mashine yenyewe), meza na mota, na kwenye mota ndiko wengi wanakopigwa. Ya klachi ni ya bei nafuu, lakini inazunguka na kunguruma tangu unapowasha swichi mpaka unapozima, hata fundi akiwa anapanga kitambaa. Uniti za umeme zinakwenda bure. Mota ya servo, mara nyingi ya wati 550, inazunguka mguu unapokanyaga tu, na kasi yake unaipunguza kwa kitufe. Anayejifunza mweke chini kabisa, umpandishie kidogo kidogo. Ongeza hela uchukue servo. Bei mbili zinazofanana kwa mashine "ileile" mara nyingi si sawa. Uliza kwanza ni mota gani.

Mashine mpya huja haina oili. Wapo waliowasha siku hiyohiyo wakaunguza vyuma. Inua kichwa, mimina oili nyeupe ya cherehani kwenye beseni hadi alama ya HIGH, usiipite, na isishuke chini ya LOW. Oili ya injini ni nzito, inaziba pampu na tambi zake. Kisha iendeshe bila uzi wala kitambaa, kiatu kinachobana kitambaa kikiwa juu, kwa michomo 3,000 hadi 3,500 kwa dakika, kama dakika 10. Tazama kile kidirisha cha juu: oili lazima ionekane ikirukaruka ndani. Isipoonekana, zima. Gurudumu la mkono nalo, upande wake wa juu uje kwa mshonaji. Mota ikizungusha kinyume, uzi unajisokota chini na pampu haipandishi oili.

Sindano ndiyo inayowatesa waliozoea cherehani za nyumbani. Ile ya nyumbani ina ubapa kwenye shina, haiingii vibaya. Hii inatumia DB×1, ya shina la mviringo, inayoingia upande wowote unaoielekeza. Mfereji mrefu uwe kushoto, kibonyeo kilicho juu ya tundu kiwe kulia, uzi upite kushoto kwenda kulia. Ikipinda hata kidogo inaanza kuruka mishono, na fundi anahangaika na tensheni, yaani mkazo wa uzi, ambayo haina kosa. Namba 14 inatosha mashati ya sare na vitenge. Kaki nzito ipe 16, vitambaa vyepesi 9 au 11. Jinzi na turubai kwa kazi ya kila siku zina toleo lake, DDL-8700H.

Bobini ijaze kama asilimia 80 tu. Ikijaa pomoni uzi unatoka kwa kushtukashtuka. Kupima tensheni ya chini, ishike kesi ya bobini ikining'inia kwa uzi wake, utikise mkono kidogo: ishuke taratibu, isimame. Ikiporomoka imelegea, isipotikisika imebana. Ukishairekebisha hiyo ndiyo uguse ya juu.

Lawama kubwa ni madoa ya oili kwenye mashati meupe. Mara nyingi beseni limejazwa kupita HIGH, au ndoana inayozunguka chini inapata oili nyingi. Weka kipande cha karatasi karibu na ndoana bila kuigusa, endesha sekunde 5. Mstari mwembamba wa oili ni sawa. Karatasi ikilowa, geuza skrubu ya oili ya ndoana upande wa kupunguza, kidogo sana, upime tena. Asubuhi shona kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Zipo mashine nyingine zilizoigwa umbo hili, baadhi zikibeba namba 8700 bila jina la Juki. Si zote mbovu, na vipuri vingi vinaingiliana, jambo linalosaidia sana bobini au kesi ikiharibika katikati ya oda. Ila zisiuzwe kwa bei ya Juki. Linganisha kibati cha jina na namba iliyogongwa kwenye kichwa na ile ya karatasi.

Dukani nenda na vitambaa vyako: shati tabaka mbili, na kaki iliyokunjwa tabaka nne kama kiunoni pa suruali. Muuzaji akujaribishie kwa hivyo, siyo kwa kile kipande chake cha pamba alichokwisha kukitegeshea tensheni. Geuza mshono uutazame chini. Ukiona vifundo vya uzi wa juu, mwambie arekebishe hapohapo kabla hujalipa. Cherehani ya mguu usiiuze. Umeme ukikatika wiki ya kufungua shule, hiyo ndiyo itakayomalizia mapindo.