Cymru Fydd jukwaani: tamthilia ya Kiwelisi isiyompendelea mzalendo

Katika tamthilia ya Cymru Fydd (yaani “Wales Ijayo”), hoja kali zaidi amepewa mhusika asiyeitaka Wales kabisa, na hilo ndilo lililonifanya niipende. Mwandishi wake, Saunders Lewis, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, mwaka 1925, na alifungwa jela kwa kuwa mmoja wa watu watatu waliochoma moto kituo cha mafunzo ya kurusha mabomu huko Penyberth mwaka 1936. Mtu wa namna hiyo angeweza kuandika hotuba ya kisiasa na kuiita mchezo wa kuigiza, lakini hakufanya hivyo.

Dewi, mtoto wa mchungaji, ametoroka jela na kujificha nyumbani kwa wazazi wake huku polisi wakimsaka. Bet, binti wa kasisi wa Kianglikana, anampenda, na anaamini kwamba kuipigania Wales kunatosha kumpa kijana aliyekata tamaa sababu ya kuishi. Dewi anaikataa imani hiyo kama anavyoikataa dini ya baba yake, tena kwa ufasaha unaomfanya mtazamaji ajione kama yeye ndiye anayebanwa kwa maswali. Mwisho wa kisa siusimulii.

Nilichokiona kiliandaliwa na kikundi cha waigizaji wa ridhaa katika ukumbi mdogo kaskazini mwa Wales. Walibakiza mavazi na samani za miaka ya 1960, uamuzi ninaouunga mkono, kwa sababu tamthilia hii iliigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Bala, kwenye Eisteddfod ya Taifa, tamasha la utamaduni wa Kiwelisi, miaka miwili tu baada ya kijiji cha Capel Celyn, si mbali na hapo, kugeuzwa bwawa la kuipatia Liverpool maji. Swali analoliibua Bet, kama kuipigania Wales kunatosha kuwa sababu ya kuishi, halihitaji kuvalishwa nguo mpya: leo Wales ina bunge lake Cardiff, lililotokana na kura ya maoni ya mwaka 1997 iliyoungwa mkono na asilimia 50.3 tu ya waliopiga kura, na bado watu wanabishana kuhusu kiasi cha mamlaka kinachoitosha.

Aliyenivutia zaidi ni mwigizaji wa nafasi ya mama, ambaye alipanga vikombe vya chai kimoja kimoja huku akitega sikio mlangoni, bila kusema neno. Baba alipaza sauti mno, na sehemu ya kati ilivutwa kupita kiasi.

Kasoro kubwa ilikuwa tafsiri ya Kiingereza iliyoonyeshwa kwenye skrini pembeni ya jukwaa. Ilichelewa, kwa hiyo wanaojua Kiwelisi walicheka kwanza, nasi tunaosoma tukafuatia wakati mwigizaji ameshaingia kwenye sentensi nzito, na zaidi ya mara moja kicheko chetu kiliifunika. Isitoshe, mabishano ya Dewi na Bet huenda kasi, na anayekodolea skrini macho hukosa nyuso zao. Kwa asiyejua Kiwelisi, ushauri wangu ni kusoma mapema tafsiri ya Joseph P. Clancy, kisha kuketi safu za mbele na kuisahau skrini.