Mazoezi ya Otago kwa wazee: bora kikundini

Mpango huu wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ulibuniwa ufanywe nyumbani ili kuzuia wazee kuanguka. Sisi tunaupenda zaidi kikundini: asiyefika huulizwa na wenzake, na mwalimu huliona goti linaloingia ndani. Ni nusu saa, mara 3 kwa wiki, pamoja na kutembea.

Zoezi lenye faida kubwa ni kuinuka kitini bila kushika. Wengi huliharibu wakati wa kuketi: wanajibwaga, paja halifanyi kazi. Keti polepole ukihesabu hadi tatu, kiti kikiwa kimegusa ukuta. Uzito wa kufunga kifundoni mwa mguu uanze kilo 1. Ongeza uzito pale marudio 10 yanapokuwa mepesi. Darasa lenye msongamano na mwalimu mmoja likwepeni, hasa kwa kusimama mguu mmoja.