Uzoefu wangu: laki na nusu ilivyopoza kompyuta ya gemu chini ya bati la Tandika

Chumba changu kipo Tandika, Dar es Salaam, chini ya bati lisilo na silingibodi, na dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani. Kuanzia Desemba mpaka Machi kipimajoto nilichokitundika ukutani kinasoma nyuzi 31 saa tatu usiku, na saa nane mchana kinafika 35. Humo ndimo ninamochezea gemu. Msimu uliopita mashine yangu ilikuwa haimalizi nusu saa kabla feni hazijaanza kupiga kelele kama mashine ya kusaga, na dakika chache baadaye gari la kwenye gemu linaanza kurukaruka barabarani kwa sababu fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kwa sekunde, zimeshuka kutoka 60 hadi 40 na kitu.

Niseme kwanza mashine yenyewe, maana ushauri wa joto bila kujua kilichomo ndani ya kasha haumsaidii mtu. Prosesa, ile chipu kuu inayofanya mahesabu, ni Ryzen 5 3600, toleo la 2019. Kwenye boksi imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa na kazi inaruhusiwa kuvuta hadi 88. Kadi ya picha, inayochora kinachoonekana kwenye skrini, ni RX 580 ya GB 8, ya mwaka 2017, wati 185, na niliinunua mtumba. Kasha ni lile lenye kioo kizima mbele, zuri kulitazama, na hicho kioo ndicho kilichonitesa kuliko kitu kingine chochote, kama nitakavyoeleza.

Nilipima kwa HWiNFO, programu ya bure. Baada ya nusu saa ya Forza Horizon 5, gemu ya mbio za magari, prosesa ilikuwa nyuzi 94 na kadi 86. Ryzen 5 3600 ikifika 95 inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo nilikuwa nimelipia prosesa nzima na kutumia kipande.

Nilipouliza madukani, wengi walinielekeza kwenye vipozeo vya maji. Cha bei ya chini nilichoonyeshwa kilikuwa shilingi 350,000. Nilikaribia kukopa. Kilichonizuia ni jambo moja ambalo natamani kila mchezaji wa Dar, Tanga na Mombasa alielewe kabla hajatoa pesa: kipozeo hakitengenezi baridi. Kinachukua joto kutoka kwenye chipu na kulihamishia kwenye hewa ya chumba. Kiwe cha shaba, cha maji, cha milioni moja, hakiwezi kuishusha chipu chini ya joto la chumba ulichokaa. Mtu wa Ujerumani anayepima akiwa kwenye chumba cha nyuzi 20 akikwambia prosesa yake inafika 70, wewe wa chumba cha 31 jumlisha 11 na utegemee 81 kwa mashine ileile. Tangu nilipoanza kusoma vipimo vya watu kwa kujumlisha hivyo, sijanunua kitu kwa tamaa.

Kwa hiyo nikaanza na yasiyo na gharama. Usiku wa kwanza nilikitoa kioo cha mbele, nikafungua na ubavu wa kasha, nikacheza gemu ileile kwa muda uleule. Kadi ilishuka kutoka 86 hadi 78. Sikununua hata skrubu. Jaribio hilo la dakika thelathini lilinionyesha ugonjwa ulipo: mashine ilikuwa haipati hewa. Kati ya kioo na fremu kulikuwa na upenyo wa kama upana wa kidole, na feni ya mbele ilikuwa inavuta pumzi kupitia upenyo huo kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Kucheza kasha likiwa wazi si dawa, kwa sababu vumbi la huku linaingia kila kona. Nilinunua soksi ndefu za nailoni za kike, jozi moja 3,000, nikazipasua na kuzivuta zikaze kwenye fremu pale kioo kilipokuwa, nikabana kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya. Hewa inapita, vumbi linabaki nje. Kioo nimekifunga kwenye gazeti, kipo juu ya kabati.

Usafi sitauzungumzia sana. Brashi mpya ya rangi ya 1,000 na blowa ya kuazima kwa fundi simu zinatosha. Ila ukipuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana upepo wa blowa unaizungusha kupita uwezo wake na kuiharibu beringi.

Baada ya hapo ndipo nilipotoa pesa ya maana. Feni iliyokuja na prosesa ni ile ndogo ya AMD, kampuni ya prosesa hii, inaitwa Wraith Stealth, kipande cha alumini kifupi ambacho kwenye chumba chenye ubaridi kinafanya kazi yake vizuri. Chini ya bati langu kilikuwa kimeelemewa. Nilinunua Thermalright Assassin X 120 SE kwa 78,000 Kariakoo. Ina mirija minne ya kusafirisha joto na feni moja ya milimita 120, na urefu wake ni milimita 148. Hiyo 148 ipime kwa rula ndani ya kasha lako kabla hujatoka nyumbani, kuanzia juu ya prosesa mpaka ubavuni, kwa sababu makasha membamba hayafungi.

Nisikilize vizuri kwenye kuifungua ile ya zamani, maana hapa nilitetemeka. Prosesa za soketi ya AM4 zina pini chini yake, na soketi inazishika pini hizo kwa mkono dhaifu. Pesti, ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo ili joto lipite, ikishakauka inageuka gundi. Mimi nilifungua skrubu nne, nikavuta feni juu moja kwa moja, na prosesa ikang'oka nayo, imening'inia, pini zikiwa hewani. Pini mbili za pembeni zilikuwa zimelala. Nilikaa chini sakafuni kabla sijashika kitu kingine. Baadaye nilimpigia fundi mmoja ninayemheshimu sana, akaniambia, "Kaka, usiiguse kwa koleo. Tafuta ile penseli ya kubonyeza, toa risasi yote, ile ncha yake tupu ivike kwenye pini, uinyanyue taratibu." Ilinichukua saa nzima chini ya tochi ya simu. Pini zikasimama, mashine ikawaka, na nilishukuru Mungu kwa sauti.

Njia sahihi, aliyonifundisha nikiwa nimeshachelewa, ni kucheza gemu kwa dakika kumi na tano ili pesti ilainike, kuzima na kuchomoa waya wa umeme, kufungua skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe, kisha kuizungusha feni kidogo kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia. Ndipo unyanyue. Na ushike kile kibati cha nyuma ya madabodi, ubao mkuu wenye soketi ya prosesa, kwa mkono wa pili, kwa kuwa skrubu zikitoka zote kinadondoka, na kipozeo kipya kinakihitaji hichohicho.

Pesti nilitumia Arctic MX-4, 20,000. Tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati linatosha; uzito wa kipozeo na skrubu vinalisambaza. Matokeo yalinifurahisha kweli: prosesa kutoka 94 hadi 77, gemu ileile, chumba kikiwa 31, na kwa sauti ya chini zaidi. Kasoro ninazoziona kwenye Assassin X ni mbili. Waya zinazobana feni ni ngumu na zina ncha kali, zilinichana kidole. Na maelekezo yake ni michoro midogo inayohitaji subira. Kwa bei ile sioni kitu kingine dukani kinachoikaribia.

Kwenye feni za kasha nilikosea. Nilinunua tatu za taa za rangi kwa 45,000. Zilikuja na ile plagi kubwa ya pini nne inayochukua umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai, kwa hiyo madabodi haiwezi kuzipunguza wala kuziongeza. Zilizunguka spidi moja usiku kucha, kelele nyingi, na nikiweka kiganja mbele ya nailoni sikuhisi hewa ikivutwa. Muuzaji alikuwa muungwana, alikubali nirudishe niongeze 5,000 nichukue Arctic P12 mbili. Hizi zina plagi ndogo ya pini nne inayoingia kwenye madabodi, zinafika mizunguko 1,800 kwa dakika, na mapanga yake yametengenezwa kusukuma hewa penye kizuizi, jambo ambalo ndilo hasa unalolitaka ukiwa na nailoni mbele. Nimezifunga zote mbili mbele zivute hewa ndani, na ile ya zamani ipo nyuma ikitoa. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halipati nafasi ya kunyonywa kupitia matundu yasiyo na chujio.

Kadi ya picha nilifanya mambo mawili, na la pili ndilo lililonishangaza kuliko yote niliyoyafanya. La kwanza, niliifungua na kubadilisha pesti. Ya zamani ilikuwa imekauka kama chaki. Kwa hali ile naamini kadi hii iliwahi kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana kabla haijanifikia. Ukifungua, vile vipande laini vya mpira vinavyogusa chipu za memori usivitupe wala usivichane, virudishe vilevile. Nilipunguza nyuzi tano, kadi ikashuka hadi 73.

La pili ni kupunguza volti, na halina gharama yoyote. Viwanda huzipa kadi umeme wa ziada ili hata chipu dhaifu kuliko zote ifanye kazi bila kuyumba. Yako huenda haiuhitaji wote. Kwenye programu ya AMD ya Radeon nilikuta RX 580 yangu imewekewa milivolti 1150 kwa spidi ya juu. Nilishuka 20, nikacheza nusu saa. Nikashuka 20 tena, nikacheza. Kwenye 1030 skrini ilianza kutoa madoa, nikarudi 1050, na hapo imekaa tangu Januari bila kuzima hata mara moja. Spidi ni ileile, fremu ni zilezile. Kadi iliyokuwa ikivuta wati 145 kwenye kipimo cha programu sasa inavuta kama 115, na joto lake ni 67. Kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi unayoifungua mashine inapowaka, nikaiwekea prosesa kikomo cha wati 60 badala ya 88, ikashuka hadi 71, na kwenye gemu ninazocheza sijaona tofauti. Fremu nimezifunga kwenye 60, kwa sababu skrini yangu haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo na zilizozidi zilikuwa ni joto la bure.

Nasisitiza hili la volti kwa sababu linatibu kitu ambacho feni haiwezi kukitibu. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta inatoka ikiwa joto, na joto hilo linabaki chumbani mwako. Mashine inayovuta wati 300 ni kama kukaa na balbu tano za zamani za wati 60 zimewashwa mchezo mzima, na kwa saa nne imekula uniti 1.2 za luku. Nilipopunguza, hata chumba kilibadilika: zamani baada ya saa mbili kipimajoto kilikuwa kimepanda nyuzi tatu, sasa kinapanda moja na nusu. Feni langu la kusimama nimeacha kulielekeza kwenye kasha. Nimelisogeza karibu na mlango, linasukuma hewa ya moto itoke ukumbini, na dirisha naacha wazi. Mashine na mimi wote tunapumua.

Jumla niliyotoa ni 152,000: kipozeo 78,000, feni 50,000, pesti 20,000, nailoni na brashi 4,000. Kama ningekuwa na uwezo wa 25,000 tu, ningenunua pesti, nailoni na brashi, nikashusha volti, na kipozeo kingesubiri mwezi mwingine. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, wakague na skrubu na plagi kila wanaposafisha, maana chumvi ya hewani inaleta kutu ya kijani kwenye shaba.

Nailoni naifua kila wiki ya pili kwa maji na sabuni, naianika usiku, asubuhi inarudi. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alicheza kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi, bati likiwa linawaka, kipimajoto 35. Nilikuwa nimelala kitandani nyuma yake na sikusikia feni ikipandisha sauti. Kadi ilifika 72, prosesa 76.