Vitasa vya ziada vya HiAce ya mizigo: kipi ununue

Kabla ya kuulizia bei, hesabu mlango wa mizigo unafunguliwa mara ngapi kwa siku. Dereva anayeshusha mikate kwenye maduka 40 hatazungusha ufunguo kila anaposimama, hata umkaripie vipi. Fundi umeme anayelaza gari barabarani na vifaa vyake ndani, huyo atazungusha.

1. Kitasa cha kulabu. Kwa gari linalolala na mali, hakuna kinachokishinda. Kina ufunguo wake na hakitegemei sentro loki (mfumo wa umeme unaofunga milango yote kwa pamoja) wala waya, hivyo mwizi akivunja kioo cha dereva na kubonyeza swichi, mlango wa mizigo unabaki umefungwa. Kataa chenye ulimi ulionyooka: mtaimbo ukitanua mlango, ulimi huo huchomoka, ilhali kulabu huzidi kung'ang'ania. Vingi havifunguki kwa ndani, kwa hiyo hakikisha hakuna mtu nyuma kabla ya kufunga.

2. Kufuli la duara na bamba lake. Pete imefichwa nyuma, mkasi wa kukatia nondo haupati pa kuuma. Linaonekana kwa mbali, na hilo pekee hufukuza wezi wengi. Grenda italikata, ila kwa kelele na cheche. La kawaida lina kipenyo cha milimita 73. Pima bamba kabla ya kununua la kubadilishia.

3. Kitasa cha kujifunga. Ukibamiza mlango, umefunga. Kwa msambazaji hiki ndicho namba moja. Kwa kawaida, hata hivyo, hakiongezi ulimi mwingine, hivyo mtaimbo unapambana na komeo lilelile la kiwandani. Dereva avae ufunguo kiunoni, la sivyo utabaki ndani na mzigo.

4. Kufuli la kawaida kwenye komeo la kuchomelea. Pete ya milimita 6 hukatika kwa mkasi wa mkono. Ukilazimika, chukua ya milimita 10 au zaidi, yenye mabega yanayoifunika.

Kitasa kizuri kikifungwa vibaya ni hasara tupu. Bati la mlango halifiki unene wa milimita 1, na riveti au skrubu hung'oka na kipande chake. Tumia bolti nne za M8 (unene wa milimita 8) zenye kichwa cha mviringo kisicho na pa kushika spana, na kwa ndani weka bamba la chuma la milimita 3, pana kuliko la nje, kisha nati zenye nailoni. Toa kava la ndani kwanza ili drili isikate waya au fimbo ya komeo. Kingo za matundu zipake redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Tanga na Mombasa, kwa chumvi ya bahari, kutu haichelewi.

Mlango wa kuteleza kagua roli zake. Zikiisha, mlango hushuka na kulabu haiingii kwenye tundu lake. Badilisha roli kabla ya kutoboa. Wezi huukunja mlango huo kutoka juu, kwa hiyo kitasa kimoja kilichowekwa chini hakitoshi. Mlango wa nyuma unaonyanyuka uwekee kitasa chini katikati, na wavu wa chuma nyuma ya kioo.

Tundu la ufunguo lipulizie unga wa grafiti. Grisi hukusanya vumbi mpaka ufunguo unakwama.

Nunua seti inayotumia ufunguo mmoja kwa milango yote. Kadi yenye namba ya ufunguo ikae ofisini, isiachwe ndani ya gari.