Donati ya nywele kwenye kipilipili: inafaa, lakini usifuate maelezo ya pakiti

Donati ni ile pete ya sponji yenye tundu katikati, ambayo nywele huzungushiwa ili fundo litokee nene na la mviringo. Kampala utaipata kuanzia vibanda vya Owino hadi kwa wauzaji wa jumla wa Kikuubo, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kusuka rasta saluni mara moja. Kwenye pakiti huwa kuna picha ya mwanamke mwenye nywele nyoofu zinazofika mabegani, na picha hiyo inapotosha. Nywele nyoofu huteleza juu ya sponji na kuifunika zenyewe. Kipilipili hakitelezi, kinanata, na badala ya kulala kinasimama. Anayefuata maelezo ya pakiti hubaki na pete inayochungulia katikati ya nywele, kisha anaitupa akisema haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ni kweli haikutengenezwa kwa ajili yetu, lakini inatufaa sana ikiandaliwa vingine.

Pesa nyingi hupotea kwenye ukubwa. Kwa kawaida kuna saizi tatu: ndogo ya kipenyo cha sm 6 hivi, ya kati ya sm 8, na kubwa ya sm 10. Viwanda havifanani, kwa hiyo usiamini maandishi. Vidole vinne vya mtu mzima vikibanwa pamoja ni kama sm 7, vitumie kupimia hapo hapo dukani. Sasa piga hesabu ya nywele za mbele, kwa kuwa ndizo zenye safari ndefu. Kutoka kwenye paji la uso hadi utosini ni takriban sm 15. Kupanda juu ya donati ya kati na kushuka hadi chini yake ni sm 5 nyingine. Halafu zinahitajika sm 4 au 5 za kuchomeka chini. Jumla ni sm 25, na hizo ni sm 25 za nywele zilizonyooshwa. Kipilipili kilichojikunja sana kinaweza kuonyesha robo tu ya urefu wake halisi, kwa hiyo nywele zinazoonekana kuwa na sm 7 zinaweza kutosha kabisa. Shika kishungi kimoja cha mbele, kivute polepole mpaka kinyooke, weka rula. Kikifika sm 25 au zaidi, chukua ya kati. Kikiwa kati ya sm 20 na 25, chukua ndogo. Ile ya sm 10 waachie wenye nywele ndefu kweli kweli, au wanaopanga kuizungushia rasta juu.

Chini ya sm 20 donati peke yake haitafunikwa, hata ukivuta mpaka machozi yatoke. Hapo dawa ni kusuka sehemu ya mbele mistari midogo, ile ambayo Kampala huiita biswahili, ikielekea utosini. Ncha za mistari huishia chini ya fundo, na kazi ya kufunika pete huachiwa nywele za katikati na za nyuma, ambazo hazina safari ndefu. Fundo la namna hii hukaa vizuri kuliko lile la kuvuta kwa jeli, na kingo za uso hazipati shida.

Anayepanda bodaboda kila siku afikirie jambo moja zaidi: fundo la utosini haliingii ndani ya helmeti, na helmeti ni ya lazima kwa abiria. Weka fundo kisogoni, chini kabisa, karibu na mwanzo wa shingo, kwa donati ndogo. Likiwa juu zaidi ya hapo, ukingo wa helmeti utalisukuma na pini zitachoma ngozi. Ila kumbuka kwamba fundo la chini huongeza safari ya nywele za mbele. Zisipofika, ni mistari tena.

Muombe muuzaji akufungulie pakiti, kisha pitisha kidole juu ya donati. Nyingi zimevikwa wavu mkavu wa nailoni unaokwaruza, na ukiukwaruza ukasikia sauti kama ya brashi, ncha za nywele zitabaki humo kila unapoitoa. Huu ndio udhaifu mkubwa wa bidhaa yenyewe, na unarekebishika: kata kipande cha stokingi nyeusi, ivike donati kama soksi, shona au funga fundo dogo upande wa chini. Stokingi inateleza, haikamati unywele. Chagua nyeusi hata kama nywele zako ni za kahawia, kwa sababu pakitokea mwanya, rangi nyeusi hufanana na kivuli. Minya pia sponji yenyewe. Inayorudi haraka kwenye umbo lake itadumu. Inayobaki na alama ya vidole italala baada ya wiki chache.

Mpira mwembamba unaokuja ndani ya pakiti usiutumie. Mara nyingi umeunganishwa kwa kichuma kidogo, na kichuma hicho hukata nywele. Hata usio na kichuma unahitaji kuzungushwa mara tatu au nne juu ya nywele nene, na kila mzunguko huburuta nywele za pembeni. Badala yake tumia kamba ya kiatu, ya duara na laini, ya sm 100 hivi. Ifunge kitanzi kinachoteleza, ipitishe kichwani, kisha kaza kidogo kidogo huku mkono mwingine ukilaza nywele. Kamba hukuruhusu kusimama pale ngozi inapoanza kulalamika, jambo ambalo mpira haukuruhusu.

Kabla ya donati kuna kazi ya kunyoosha, na wengi hawakufundishwa kazi hii. Shule nyingi za Uganda huwataka wasichana wakate nywele karibu na ngozi, hivyo mtu anaweza kumaliza S6, yaani kidato cha sita, bila kuwahi kuchana nywele zake mwenyewe zikiwa ndefu, kisha akaambiwa ni ngumu na hazikui. Si ngumu. Unywele hushika umbo lile ulilokaukia: ukikauka umejikunja, utabaki umejikunja; ukikauka umevutwa, utabaki umevutika mpaka uguswe na maji tena. Kwa hiyo siku moja kabla, osha, weka kondishena, chana kwa chanuo la meno mapana kuanzia kwenye ncha kurudi kwenye mizizi, gawa kichwa mafungu manane hadi kumi, halafu zungushia kila fungu uzi mweusi wa nywele kuanzia kwenye ngozi hadi nchani. Ule uzi wa bibi zetu hufanya kazi ya pasi bila kuunguza chochote. Acha zikauke usiku kucha. Asiye na uzi asuke mabutu manane ya kawaida. Yatanyoosha kidogo tu, lakini yatasaidia.

Kosa la kulifunga fundo nywele zikiwa zimelowa chepechepe lina gharama. Kipilipili kilicholowa huvutika sana, kisha kikikauka kinajikunja kurudi, na kwa kuwa kimefungwa, kinavuta ngozi ya kichwa. Ndiyo maana fundo lililokuwa sawa asubuhi linauma kichwa saa tisa mchana. Nywele ziwe na unyevunyevu tu, kama nguo iliyokaribia kukauka. Chupa ya kupulizia yenye maji, mipulizo mitatu au minne kwa kichwa kizima, inatosha.

Kuhusu mafuta, walioko Uganda wana bahati. Mafuta ya shea ya kaskazini, yale ambayo Walango na Waacholi huyaita moo yaa, hutoka kwenye aina ya mshea tofauti na ule wa Afrika Magharibi, na ni laini zaidi: huyeyuka mara tu yanapogusa kiganja, wakati ya Afrika Magharibi huhitaji kusuguliwa. Yenye harufu ya moshi si mabovu, ni namna tu yalivyotengenezwa. Lakini mafuta hayaleti unyevu, yanazuia uliopo usitoke, kwa hiyo maji kwanza, mafuta baadaye. Nusu kijiko cha chai kwa kichwa kizima, na yaishie kwenye ncha na katikati ya unywele. Sm 4 za mwanzo kutoka kwenye paji la uso ziache kavu bila mafuta. Jeli ni kitu cha maji. Haishiki juu ya mafuta, na mtu anayepaka shea mpaka kwenye kingo kisha akaongeza jeli mara tatu ili zilale, anajitengenezea matope.

Jeli yenyewe iwe kijiko kimoja cha chai kwa upande mmoja wa kichwa, ipakwe kwenye zile sm 4 tu, kwa vidole kwanza, kisha brashi laini. Zile chembe nyeupe zinazotokea mchana na kudhaniwa kuwa mba, mara nyingi ni jeli iliyogombana na krimu iliyo chini yake. Jaribu kiganjani kabla hujapaka kichwani: changanya tone la jeli na tone la krimu yako. Mchanganyiko ukibaki laini, endelea. Ukiganda vipande kama maziwa yaliyochacha, hivyo ndivyo vitakavyoonekana juu ya paji lako. Tazama pia kama gliserini imetajwa mwanzoni mwa orodha ya viungo. Gliserini huvuta maji ya hewani, na katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, jeli hiyo itazirudisha kingo kwenye kipilipili kabla hujafika kazini. Iweke kwa siku nyingine.

Baada ya jeli, kaza kamba, funga kitambaa cha satini juu ya kingo kwa dakika 10 hadi 15, na usiguse. Kitambaa kikitoka ndipo donati iingie. Pitisha nywele zote katikati ya tundu, sukuma pete mpaka ikae juu ya kamba, zitawanye nywele pande zote kama miale, kisha zilaze kwa viganja kuanzia katikati kwenda nje. Usichane hapa, brashi itaharibu yote uliyonyoosha. Funga kamba ya pili nyembamba, au kipande cha stokingi, kuzunguka shina la fundo chini ya donati. Ncha zilizobaki zisokote mafungu mawili, moja kulia na moja kushoto, zizungushie shina, zichomeke.

Pini tano au sita zinatosha. Upande wenye mawimbi uelekee ngozi. Ingiza pini ikielekea nje, ikamate nywele kidogo za kichwani, kisha igeuze ielekee katikati ya fundo na kuisukuma ndani. Inayoingizwa moja kwa moja bila kugeuzwa itatoka ukitikisa kichwa.

Fundo likiinama upande mmoja, sababu ni kamba ya kwanza kuwa mbali na ngozi. Inatakiwa kukaa juu ya ngozi kabisa, ila isiibane. Katikati pakionekana shimo, nywele zilitawanywa nje mno: acha kishungi cha unene wa kidole gumba katikati, ukisokote na kukilaza juu ya tundu. Pete ikionekana upande wa kisogo pekee, zungusha donati nusu mzunguko, mara nyingi nywele hujipanga upya zenyewe.

Vipele vidogo kwenye kingo, au ngozi inayong'aa na kuuma ukiinua nyusi, ni ishara ya kufungua saa hiyo hiyo. Kuvutwa kwa muda mrefu mahali pale pale hunyonyoa nywele za pembeni ya uso. Mwanzoni huota tena, lakini vinyweleo vikishakuwa kovu, havirudi. Hamisha fundo: wiki hii utosini, wiki ijayo kisogoni, wiki ya tatu usifunge kabisa. Usilale na donati kichwani hata usiku mmoja.

Asiyetaka kununua anaweza kutumia soksi ya mivumba, yaani mitumba: kata sehemu ya vidole, ikunje mpaka iwe pete. Inaminyika vizuri chini ya kilemba, na kwa fundo dogo la kisogoni inaishinda donati. Chagua ya nailoni, kwa kuwa ya pamba hunyonya maji na mafuta uliyoyapaka kwa bidii. Kwa fundo kubwa la sherehe, donati bado ni bora, soksi hailingani nayo kwa umbo.

Sponji huhifadhi jasho. Ioshe kwa sabuni kila wiki, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, ianike kivulini mahali penye hewa. Kipindi cha mvua inaweza kuchukua siku mbili kukauka, kwa hiyo mwenye kuitumia kila siku anunue mbili na avike zote mbili stokingi tangu mwanzo.