Nimeuziwa skrini nisiyoihitaji kwa sababu fundi hakutaka kunisikiliza

Nimekaa na hasira hii kwa majuma kadhaa kabla ya kuandika, nikitumaini kwamba itapoa na nitaweza kulisemea kwa utulivu duka la kompyuta la Kariakoo ambalo jina lake sitalitaja. Haijapoa. Nilipeleka mashine ambayo ubovu wake ulikuwa adapta ya shilingi 15,000, nikarudi na skrini ya shilingi 120,000, na ubovu ukaja nao nyumbani.

Ninaendesha steshenari ndogo Mbagala. Kompyuta yangu ya mezani ni mtumba wa ofisini niliyoinunua katika duka hilohilo, na kwa kuwa nyuma ina matundu ya kutolea picha ya aina mpya, DisplayPort, peke yake, ilhali skrini yangu ni ya zamani inayotumia waya wa VGA, walinipa bure adapta ndogo nyeusi ya kuunganisha hivyo viwili. Miezi mingi ilipita bila shida. Kisha skrini ikaanza kuzima. Haikuwa na saa yake: siku moja ilizima mara moja tu, siku nyingine mara nne kabla ya adhuhuri, na zaidi joto lilipokuwa kali. Nilikuwa nikizima kila kitu, nasubiri kidogo, nawasha, na picha inarudi safi kabisa.

Nilichokiona siku moja ndicho kinachonifanya nisikubali kuambiwa kwamba sijui ninachosema. Mwanafunzi alikuwa amesimama kaunta akisubiri ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, yenye kurasa zaidi ya 40, na skrini ikawa nyeusi tukiwa katikati. Printa haikusimama. Kurasa ziliendelea kutoka moja baada ya nyingine, zenye joto, hadi ukurasa wa mwisho wa viambatisho, na mimi nikiwa nimekodolea kioo kisicho na kitu. Nikabonyeza Caps Lock na taa yake ikawaka; nikabonyeza tena ikazima. Nikabonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, njia ya kuiamsha upya programu inayoendesha picha, nikasikia mlio mfupi, lakini giza likabaki palepale. Kwa hiyo mashine ilikuwa hai na ilikuwa inafanya kazi yake. Kilichopotea ni picha peke yake, mahali fulani kati ya tundu la nyuma na macho yangu. Nilikaza skrubu za waya, jioni yake ikazima tena. Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi, nikapanda bajaji na CPU, yaani lile sanduku la kompyuta, mapajani.

Mwenye duka hakuisoma ile karatasi. Aliichomoa adapta, akaiweka kando, akaunganisha CPU yangu na skrini yake kubwa kwa waya wa DisplayPort, akaiacha mpaka alasiri. Haikuzima hata mara moja. Akatoa hukumu kwamba mashine ni nzima na skrini yangu ndiyo iliyokufa, na kwamba anayo nyingine nzuri ya kuniuzia. Nikamwambia kwa adabu kwamba amebadilisha vitu viwili kwa mpigo, skrini na adapta, sasa atajuaje kipi kati ya hivyo ndicho kibovu? Akageuka, akanijibu mbele ya wateja wengine: “Mama, kazi yako wewe ni kutoa kopi. Ya kompyuta tuachie sisi.”

Nimejaribu sana kulisamehe neno hilo, na bado linanikaa kooni. Mtu anayekaa na mashine tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku anaijua sauti yake, anajua inavyokohoa ikiwaka na inavyonyamaza ikichoka, na fundi mwenye akili huanza kazi kwa kumuuliza huyo. Huyu alikuwa na skrini za VGA tatu rafuni. Angeweza kuiunganisha mojawapo kwa adapta yangu ileile, ikizima basi skrini yangu haina kosa. Jaribio hilo lisingemgharimu hata shilingi moja. Lingemkosesha mauzo, na siwezi kujizuia kufikiri kwamba hiyo ndiyo sababu, ingawa yawezekana pia kwamba ni kiburi tu.

Niliinunua skrini yake, kwa sababu nilikuwa na kazi za watu na sikuwa na siku nyingine ya kupoteza. Kesho yake, jua lilipofika utosini, ikazima kama ile ya kwanza.

Niliporudi hakuomba radhi. Alisema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, imechoka na akanitajia shilingi 250,000. Nilikuwa karibu kulia. Hapo ndipo kijana mmoja anayejifunza kazi pale, ambaye siku ya kwanza alikuwa anafagia, aliponiamkia shikamoo na kuniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa tangu mwanzo: “Mama, ikizima, hiki kidude huwa unakishika?” Akaniunganishia mashine yote kama inavyokaa dukani kwangu, na baada ya muda akaniambia niiguse adapta. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuibana kwa vidole. Akanieleza taratibu kwamba ile si waya mtupu: ndani ina chipu inayogeuza picha ya kidijitali kuwa ya analogia ambayo VGA inaielewa, inakula umeme wa volti 3.3 kutoka kwenye tundu lenyewe la kompyuta, na ikiwa ya bei rahisi huchoka na kukata ikipata joto. Akaweka adapta nyingine na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Saa tatu zikapita, picha imetulia. Akairudisha ile ya zamani, na kabla ya nusu saa giza likaingia. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama nilivyoomba.

Kwa ajili ya kijana huyo nilitaka kuyafuta yote niliyoyaandika juu na kuliwekea duka nyota nne, kwa kuwa duka lenye mtu kama huyo si duka la kulikimbia. Lakini nilipoomba kurudisha skrini, ambayo ilikuwa na siku mbili tu na haina hata mkwaruzo, mwenye duka alinionyesha kwa kidole maandishi ya chini ya stakabadhi, “mali ikishauzwa hairudishwi,” kisha akanidai shilingi 20,000 za uchunguzi, uchunguzi alioufanya kijana wakati yeye anakunywa chai. Nililipa. Nyota nne zikawa moja, na hiyo moja ni ya kijana.

Kompyuta haijazima tena tangu siku hiyo. Skrini ya pili iko chini ya kaunta yangu, nimeifunga kwenye nailoni yake pamoja na stakabadhi, na mwenye duka akikubali kuipokea kwa bei aliyoniuzia nitaipeleka hata kesho asubuhi, na nauli ya bajaji nitalipa mwenyewe.