I-Corps ya NSF: mahojiano 100 ndiyo shule yenyewe

Wengi huomba nafasi I-Corps, mafunzo ya serikali ya Marekani ya kutafutia soko uvumbuzi wa maabara, wakidhani wanakwenda kufungua kampuni. Faida yake kubwa iko kwingine. Inamfundisha mtafiti kumsikiliza mteja, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya ofisa wa leseni chuoni, anayekodisha uvumbuzi wa chuo kwa kampuni, na ya mchambuzi wa mfuko wa mtaji wa ubia, unaowekeza katika kampuni changa kwa kupewa hisa. Kwa anayetaka kuhama kutoka maabara kwenda kwenye ajira hizo Marekani, tunaipendekeza bila kusita. Upande wa hataza (patent), mikataba na hesabu za hisa, haitoshi, na anayeitegemea peke yake ataumbuka siku ya usaili.

Mpango huu uliasisiwa mwaka 2011 na NSF, wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani. Kundi la kwanza lilikuwa na timu 21 na lilifundishwa Stanford na Steve Blank, mjasiriamali aliyebuni somo lenyewe. Timu inayokubaliwa hupata ruzuku ya hadi dola 50,000 inayopitia chuo chake, na serikali haidai hisa hata moja. Timu ni watu watatu: kiongozi wa ujasiriamali, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamivu au aliyemaliza karibuni, mtaalamu wa teknolojia, kwa kawaida profesa mwenye maabara, na mshauri aliyewahi kufanya biashara katika sekta husika. Unayetafuta ajira, chukua nafasi ya kwanza. Ndiye anayebeba mzigo, na ndiye anayetoka na ujuzi.

Hesabu ni hii: wiki 7, mahojiano 100, yaani 14 au 15 kila wiki. Yahesabiwe mazungumzo ya ana kwa ana au ya video. Dodoso la mtandaoni halimo. Kila wiki timu inasimama mbele ya walimu kueleza ilidhani nini, imesikia nini na imebadilisha nini. Anayejaza dakika zake kwa kusifia teknolojia hukatizwa, na ni haki akatizwe. Tenga saa 15 hadi 20 kwa wiki, na usipange mitihani wala utetezi wa tasnifu humo ndani. Wanaokwama wiki ya tatu mara nyingi ni wale walioanza kutafuta wahojiwa siku ya ufunguzi. Barua pepe nyingi hazijibiwi, kwa hiyo ukitaka watu 15 andaa majina 60 au zaidi, na kila mazungumzo yaishie kwa ombi moja: nani mwingine nizungumze naye? Majina ya namna hiyo hujibu haraka kuliko barua ya mtu asiyejulikana.

Tuchukue mfano wa timu yenye kihisi cha unyevu cha kuweka ndani ya maghala ya mahindi Iowa, Marekani. Timu isiyofundwa humuuliza meneja wa ghala, “Kifaa hiki ungekinunua?” Naye kwa adabu atasema ndiyo, na ndiyo hiyo haina thamani ya senti moja. Swali lenye kazi ni hili: “Mara ya mwisho mahindi yalipooza humu, nani aligundua, na mlifanya nini?” Hapo meneja ataanza kueleza. Unyevu hupimwa mlangoni, lori likifika; mahindi yakizidi asilimia 15 bei inakatwa pale pale. Ndani ya ghala tayari zimo nyaya za kupima joto. Kilichomsumbua mwaka jana ni feni iliyozimika usiku bila mtu kujua. Tena bajeti ya vifaa haiko mikononi mwake, iko makao makuu. Kwa dakika 20 timu imejua kwamba mtumiaji si mnunuzi, kwamba mshindani wake ni waya uliokwisha kulipiwa, na kwamba huenda shida inayouzika ni feni, si unyevu. Hakuna ripoti ya soko ya kununua ingewaambia hilo.

Kasoro ya kwanza ya mpango inatoka humohumo. Namba 100 hugeuka kuwa shabaha. Timu iliyobanwa na muda inahoji maprofesa wenzao, marafiki wa mshauri, au watu 40 wenye cheo kimoja katika kampuni zinazofanana, kisha inajivunia jumla. Tiba yake ni jedwali lenye safu nne: mtumiaji, anayependekeza, anayelipa, na anayeweza kukwamisha, kama ofisa wa usalama au wa manunuzi. Safu ikibaki tupu hadi wiki ya nne, acha nyingine zote ukaijaze. Na andika maneno ya mhojiwa kama alivyoyasema, siku hiyohiyo. Muhtasari unaoandikwa Jumapili usiku huwa na mawazo ya timu zaidi ya yale ya mteja.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi kwa anayelenga ofisi ya leseni. Mafunzo yanakusukuma uzungumze na watu 100, lakini hayakai sana kwenye ulinzi wa uvumbuzi. Sheria ya Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuomba hataza tangu alipoufichua uvumbuzi wake hadharani. Mfumo wa hataza wa Ulaya hautoi nafasi hiyo ya jumla: ukishaeleza utaratibu wa ndani kwa mtu asiyefungwa na usiri kabla ya kuomba, umejifungia mlango. Kabla ya wiki ya kwanza, peleka fomu ya ufichuzi wa uvumbuzi kwenye ofisi ya leseni ya chuo na uulize kama ombi la awali la hataza limewasilishwa. Ombi hilo linakupa miezi 12 ya kuwasilisha ombi kamili. Kwenye mahojiano, zungumzia shida ya mteja. Kifaa kinafanyaje kazi hakuna haja ya kukisema.

Usisahau pia nani mwenye mali. Tangu sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, chuo kinaweza kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu, na kinapaswa kugawana mrabaha na wavumbuzi. Kampuni yako changa, hata ukiwa wewe ndiye uliyegundua, itahitaji leseni kutoka chuoni: ada ya kuanzia, malipo ya chini ya kila mwaka, malipo ya kila hatua inayofikiwa, na mrabaha wa mauzo. Anayetaka kazi hii asome mikataba ya mfano ambayo vyuo vingi vimeiweka wazi, na aongeze kozi za AUTM, chama cha wataalamu wa uhawilishaji wa teknolojia.

Kwa upande wa mitaji ya ubia, mahojiano 100 ni hazina kwenye usaili, kwa sababu mchambuzi mpya kazi yake kubwa ni kuwapigia simu wateja wa kampuni inayoomba fedha na kubaini nani kweli analipa. Lakini utaulizwa na hesabu. Kampuni ikithaminiwa dola milioni 8 kabla ya uwekezaji na mfuko ukaweka milioni 2, mwekezaji anashika asilimia 20. Akidai asilimia 10 ya hisa zote za baada ya uwekezaji itengwe kwa wafanyakazi, na itoke ndani ya thamani ile ya awali, waasisi wanabaki na 70, si 80. Watahiniwa wengi huteleza hapo. Fahamu pia kwa nini nafasi ni chache: mfuko wa dola milioni 100 unaotoza ada ya asilimia 2 una milioni 2 kwa mwaka za mishahara, pango, wanasheria na safari. Hauwezi kuajiri jeshi.

Wasomaji wetu walio masomoni Marekani kwa viza ya F-1 wazungumze na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kujiunga. Kumiliki hisa ni jambo moja, kuifanyia kampuni kazi bila kibali ni jingine, na mstari huo huvukwa kirahisi sana mafunzo yakiisha na kampuni ikisajiliwa.

Je, aliye Dodoma au Nakuru afanyeje? Ruzuku ya NSF haimhusu, lakini njia yenyewe haina kufuli. Jedwali la biashara la visanduku tisa la Alexander Osterwalder (Business Model Canvas), la kupanga biashara kwenye ukurasa mmoja, linapatikana bure, na soko la mahindi la Kibaigwa, mkoani Dodoma, lina wanunuzi, madalali na wenye maghala wa kuhoji kuanzia asubuhi. Majibu ya Iowa usiyahamishe. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu ni tishio la kila msimu, na anayebeba hasara si yule wa Iowa.

Kwa aliye kwenye chuo cha Marekani, kuna milango miwili: maabara yenu iwe imepata ruzuku ya NSF ndani ya miaka mitano iliyopita, au mpitie kwanza kozi fupi ya I-Corps ya kanda yenu. Hata mwenye mlango wa kwanza tunamshauri aanzie kozi ya kanda. Mahojiano yake ni machache, ratiba haiui, na utajua mapema kama profesa wako atatokea kweli kwenye vikao. Kisha ndipo uandike muhtasari wa maombi, ukiwa na majina ya wateja mliokwisha kuzungumza nao.